Masuke ya Ulezi na Windo Mpya

Mashine yetu ya kudarizi ikiwa kazini hutoa mlio kama wa mvua ya mawe juu ya bati, na mteja anayeingia kwa mara ya kwanza hujikuta akipaza sauti hata kunisalimia. Mimi nimeshaizoea. Siku za Jumapili nikiwa nyumbani, kimya hunisumbua mpaka nawasha redio. Ofisi yetu iko mjini Sumbawanga, mtaa wa nyuma ya soko, chumba kimoja kirefu chenye dirisha linalotazama barabara ya vumbi. Tunashona sare za shule, majoho ya kwaya, na zaidi ya yote mavazi ya Misa: kasula wanazovaa mapadri juu ya kanzu, stola za shingoni, vitambaa vya altare. Kushona nilifundishwa na masista kule Kaengesa nilipokuwa msichana, kwa cherehani ya miguu. Kompyuta nilikutana nayo ukubwani, watoto wangu wakiwa sekondari, na nilijifunza kwa kung'ang'ania tu, kama mtu anayejifunza baiskeli akiwa na nywele nyeupe.

Asiyeijua kazi hii hudhani mashine inachora yenyewe. Haichori. Mchoro huanzia kwenye kompyuta, ndani ya programu maalumu, na humo ndimo unamoamua sindano ianzie wapi, igeukie wapi, uzi wa dhahabu uishie wapi. Ukimaliza, mchoro hupita kwenye waya hadi kwenye mashine, na mashine hutii. Programu yetu ni ya zamani. Ilikuja pamoja na mashine yenyewe, ambayo niliinunua ikiwa imetumika, kutoka kwa mshonaji mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa anaacha kazi. Ilikuja pia na kidude cha kijani, kidogo kama kiungo cha kidole, kinachochomekwa nyuma ya kompyuta. Sisi tunakiita ufunguo. Taa ya ufunguo isipowaka, programu haifunguki, hata ufanyeje.

Kompyuta tuliyo nayo sasa si kuukuu, mume wangu aliinunua baada ya ile ya kwanza kufa. Lakini programu ni ile ile na ufunguo ni ule ule. Michoro yangu yote imo humo, misalaba na njiwa na nembo za shule, kazi ya miaka. Mashine inaweza kushona mchoro uliokwisha kukamilika, basi. Ukitaka kuupanua, au kuigeuza kona iliyokaa vibaya, huna budi kurudi kwenye programu.

Kwenye kompyuta tuko wawili, mimi na wifi yangu. Yeye ni mdogo wa mwisho wa mume wangu, binti aliyesoma mambo ya kompyuta Mbeya, akamaliza, akatafuta kazi mpaka viatu vikaisha soli, halafu akaja kwetu. Sisi wawili huitana wifi, kama ilivyo desturi, na jambo hilo limetuletea vituko vingi. Vijana huingia na simu zao mkononi wakauliza, "Mambo vipi, hapa wifi ipo?" Nami hujibu, "Yupo, amekwenda sokoni, atarudi sasa hivi." Huniangalia kama nimerukwa na akili.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshaanza kutuma upepo wake, walikuja akina mama wa kanisa, wa kigango kimoja cha kijijini huko Mpui. Waliingia wakiwa wamejifunga vitenge mpaka kidevuni. Mtoto wao alikuwa anakaribia kupewa upadri, wa kwanza kutoka kijiji kile, na baadaye angekwenda nyumbani kuadhimisha Misa ya shukrani. Kasula ya siku hiyo walitaka kuitoa wao.

Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya taratibu na Kiswahili chenye Kifipa ndani yake, alitazama vitambaa vya mfano nilivyovitundika ukutani. Kulikuwa na kasula yenye zabibu na masuke ya ngano, kama zilivyo kasula nyingi.

"Hii ni nini, fundi?" akauliza.

"Ngano, mama."

"Sisi hatulimi ngano. Huyu mtoto amekulia kwenye ulezi. Mama yake amemlea kwa uji wa ulezi, karo imelipwa kwa ulezi. Tunataka ulezi."

Akafungua kitenge chake, akatoa fungu la masuke ya ulezi, akaliweka mezani mbele yangu. Yalikuwa yamekauka vizuri, rangi ya kahawia inayokaribia wekundu, kila suke limekunja vidole vyake kama kiganja cha mtoto aliyelala. Nimekula ulezi tangu nina meno, nimeupeta na kuusaga, na sikuwahi hata siku moja kuutazama kama kitu cha kuchora. Nikasema nitajaribu. Wakaondoka wakiniachia masuke yale, na punje zake tulizikanyaga ofisini wiki nzima.

Kuchora suke la ulezi kulinitesa. Ngano ni rahisi, imenyooka, punje huku na punje huku. Ulezi umejikunja, vidole vinapandana, na ukiweka uzi mwingi kunatokea donge, ukiweka kidogo anatokea buibui. Nilichora, nikafuta, nikachora. Wifi alikuwa ananikalia pembeni akiniambia, "Legeza hapo, wifi, kidole cha tatu kimekaa kama ndoana."

Siku moja, katikati ya kazi hiyo, ujumbe ulijitokeza kwenye kioo. Haukuwa wa kwanza. Kwa miezi kadhaa kompyuta ilikuwa inatukumbusha kwamba windo tuliyo nayo, yaani ule mfumo unaoiendesha kompyuta nzima, inaelekea mwisho wake, kwamba baada ya muda haitapata tena kinga dhidi ya virusi vipya, na kwamba windo mpya ipo tayari, bure. Mara zote nilikuwa naufunga. Safari hii nilikuwa nimeinuka kuongeza mkaa kwenye jiko, na niliporudi nikamkuta wifi ameshika mausi, mshale umekaa juu ya neno "Kubali".

"Acha!" nilipiga kelele, kwa sauti ya mtu anayeona mtoto karibu na kisima.

Akashtuka, mkono ukaruka.

"Wifi, ni windo tu. Watu wote wanapiga windo mpya."

"Na michoro yangu?"

"Haifutiki. Mafaili yanabaki pale pale."

"Na programu? Na ufunguo?"

"Itakubali tu," akasema. "Kwa nini isikubali?"

"Basi usiguse."

"Nimesoma hivi vitu miaka mitatu," alisema polepole, "na hapa naonekana mtoto wa kushika mkasi."

Mashine ilikuwa imesimama, kwa hiyo maneno yake yalisikika vizuri sana chumbani. Siku hiyo na iliyofuata tulizungumza yale ya lazima: niletee uzi, mteja amefika, chai ipo. Na kusema kweli kilichoniuma ni kwamba nilijua ana hoja. Ile kinga dhidi ya virusi tulikuwa tunaihitaji. Wateja hutuletea flashi zao zenye nembo za vikundi, na hakuna anayejua flashi hizo zimelala kwenye kompyuta za nani. Kuikataa windo mpya milele kusingekuwa jibu.

Nipo kwenye kundi la washonaji wa kudarizi kwenye simu, watu wa mikoa mbalimbali ambao wengi hatujawahi kuonana. Nikauliza humo: nani ana mashine na programu kama yangu, na nani ameshapiga windo mpya? Wengi walinijibu kwa alama za mikono inayoomba. Jioni ukaja ujumbe wa sauti wa mwanamke mmoja wa Mbeya. Nyuma yake alisikika mtoto akilia na sufuria zikigongana.

"Dada yangu, habari za huko. Mimi nina hiyo hiyo. Nilikubali bila kuuliza mtu, na nguo za harusi ziko mezani. Asubuhi nafungua, programu inaniambia haioni ufunguo. Nimelia, dada. Nguo zile zilikwenda kumaliziwa kwa mwenzangu. Lakini usikate tamaa, njia ipo, nimekuja kuipata baadaye sana. Kwanza kagua. Kagua kila kitu ndipo uguse. Nyamaza wewe! Samahani, namwambia mtoto. Ukikwama nipigie."

Niliusikiliza mara mbili. Kisha nikamwita wifi, nikampa simu, naye akausikiliza akiwa amesimama, kichwa amekiinamisha. Ulipokwisha alinirudishia simu.

"Hiyo kazi ya kukagua," nikamwambia, "naomba uisimamie wewe. Mimi sijui nianzie wapi. Nitakuwa nakufuata."

Alinitazama kuona kama namtania. Alipoona simtanii akavuta kiti.

"Tutamhitaji fundi," akasema. "Siyo kwamba siwezi. Nataka mtu wa kubishana naye."

Fundi tuliyemwita ni jirani, anatengeneza kompyuta kwenye kibanda karibu na stendi, mtu mzima asiye na haraka, ambaye hawezi kuanza kazi kabla ya kunywa chai. Kwa hiyo tulianza kwa chai. Wifi alikuwa ameshaendesha ile programu ndogo ya ukaguzi inayoiuliza kompyuta kama inaifaa windo mpya, na ilijibu kwa alama ya kijani: inafaa. Alimwonyesha fundi kwa furaha kidogo.

"Vizuri," fundi akasema. "Hapo umejua kwamba nyumba inabeba bati jipya. Hujajua kama waliomo ndani watakubali kuhamia."

"Ndicho ninachotaka kujua," wifi akajibu.

Wakaanza kufungua kila kilichomo, kimoja kimoja, na kujiuliza kinatoka wapi, ni toleo gani, na waliokitengeneza wanasemaje kuhusu windo mpya. Programu ya kuandikia barua, hiyo haikuwa na shida. Ya kupangia picha, ilitaka toleo jipya, nalo lipo. Printa, waliotengeneza wametoa draiva yake. Hapo nilimuuliza fundi draiva ni kitu gani hasa, maana nililisikia neno hili kila siku nikakubali kwa kichwa. Akaniambia ni programu ndogo inayoifanya kompyuta ielewane na kifaa kilichochomekwa, kama mkalimani. Printa ikibaki bila draiva inakuwa boksi tu. Skana yetu ya zamani ilionekana haina bahati, waliotengeneza waliishaiacha. Nilisikitika kidogo, kwa sababu ndiyo niliyotumia kuingiza michoro ya kwanza niliyoichora kwa penseli.

Walipofika kwenye programu ya kudarizi, wifi alitafuta ukurasa wa mtandaoni wa walioitengeneza. Matoleo mapya yalikuwa yametajwa yote, hili linafaa, hili linafaa. La kwetu halikutajwa. Halikuandikiwa kwamba linafaa wala kwamba halifai. Tulimpigia yule mshonaji wa Dar es Salaam aliyeniuzia mashine, simu haipatikani. Wifi akawaandikia watengenezaji barua pepe, na majibu hayakuja.

"Wakikaa kimya," fundi alisema, akijimiminia chai nyingine, "tunaipima wenyewe. Ila hatupimi juu ya diski hii."

Akaeleza, na wifi akawa ameshaelewa kabla hajamaliza. Vitu vyote vya kompyuta vinakaa kwenye diski. Tutaitoa diski yetu, tuiweke kando salama, tuchomeke nyingine isiyo na kitu ambayo fundi anayo kibandani. Kwenye hiyo tutapiga windo mpya na kuweka programu zetu. Mambo yakikataa, tunarudisha diski yetu, na asubuhi tunaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Nikaona hilo lina akili. Nikaomba jambo moja tu, kwamba kwanza michoro yangu inakiliwe pembeni, na wifi akacheka, akasema ameshainakili tangu jana, sehemu mbili, moja iko kwenye kabati la mume wangu chini ya mashuka.

Jumamosi asubuhi walifungua kompyuta juu ya meza ya kukatia nguo. Mimi nilikaa dirishani napinda majoho ya kwaya, natazama kwa jicho moja. Windo mpya ilikaa bila taabu. Ilikuwa nzuri, nakiri, rangi zake zimetulia. Printa ikaitika. Picha zikafunguka. Kisha wifi akachomeka ufunguo wa kijani nyuma, akafungua programu, na sote watatu tukasogea.

Taa ya ufunguo haikuwaka. Kwenye kioo yakatokea maneno yale yale ya yule mama wa Mbeya: ufunguo hauonekani.

Fundi akajaribu tundu jingine. Akajaribu kuzima na kuwasha. Wifi akauma mdomo. Mimi, ambaye nilitarajia kuogopa, niliona moyo umetulia kabisa, maana diski yetu ilikuwa imelala kwenye droo ya nyuzi, haijaguswa. Nikachukua simu nikampigia mama wa Mbeya, nikaiweka sauti ya juu.

"Ufunguo umekataa, siyo?" akasema hata kabla sijaeleza. "Sasa nisikilize. Nani anashika kompyuta?"

"Ni mimi, shikamoo dada," wifi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Draiva ya ufunguo usiitafute kwa waliotengeneza programu. Mimi nilihangaika kwao bure. Ufunguo wameutengeneza watu wengine. Uchomoe uusome mgongoni, jina lao lipo, limeandikwa kwa herufi za sisimizi. Wao wana draiva mpya kwenye ukurasa wao. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na ukishaipata, ufunguo uwe nje. Weka draiva kwanza, zima, washa, halafu ndiyo uuchomeke. Ukianza kuuchomeka utalia kama mimi."

Wifi aliupeleka ufunguo dirishani, akausoma kwenye mwanga, mimi nikamshikia miwani yangu mbele yake kama lenzi. Jina lilikuwepo. Mtandao siku hiyo ulikuwa unasuasua, draiva ikaja tone kwa tone, na sisi tukala viazi vya kuchemsha tukiisubiri. Alifanya kila kitu kwa utaratibu ule aliopewa. Aliporudisha ufunguo, taa ikapepesa, ikazima, ikawaka na kutulia.

Programu ikafunguka, wifi akafungua nakala ya michoro, na suke langu la ulezi likatokea mbele yetu likiwa na vidole vyake vyote. Nilikuwa nimempigia tena simu mama wa Mbeya ashuhudie. Yule mama alisikia vigelegele vyangu, akapiga na vyake kule Mbeya.

Kazi haikuishia hapo. Waya unaopeleka michoro kwenye mashine ulikataa katakata, na hakuna draiva iliyoufaa. Fundi alihangaika nao mpaka akavua koti. Mwisho wifi akakumbuka kwamba mashine ina tundu la flashi pembeni ambalo hatukuwahi kulitumia. Tukachomeka flashi, mashine ikaikataa. Tukachomeka nyingine. Ikakataa. Ilibidi apekue kitabu cha maelekezo ndipo aone kwamba mashine ya umri ule inasoma flashi ndogo tu, zile za zamani zenye nafasi finyu. Tulipata moja kwenye mkoba wangu wa kanisani, ina nyimbo za kwaya. Tukazihamisha nyimbo, na ile ikakubalika.

Wifi alidarizi suke moja juu ya kipande cha kitambaa cheupe. Halafu, bila kuambiwa, akamwomba fundi arudishe diski yetu ya zamani, akadarizi suke lile lile kwenye kipande kingine kwa njia yetu ya kawaida ya waya. Akavichukua vyote viwili, akavificha mgongoni, akavichanganya, akaniletea.

"Kipi ni cha windo mpya?"

Nilivigeuza. Nilivitazama upande wa nyuma, mahali ambapo kazi mbaya hujificha. Nikapapasa kwa kidole. Nikainua cha kushoto.

"Hiki."

"Hicho ni cha zamani, wifi," akasema, na kicheko kikamtoka ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ile ya ugomvi.

Nilidhani basi angetaka kupiga windo mpya saa ile ile. Fundi pia alidhani hivyo, alikuwa ameshika bisibisi. Lakini wifi akafunga kompyuta na kuifuta vumbi. "Tusiguse mpaka kasula iondoke humu ndani," alisema. "Ya waya tunaijua. Tukimaliza Mpui, ndipo." Fundi akanitazama, nami nikamtazama fundi.

Kasula tuliidarizi kwa mfumo wa zamani. Masuke yanapanda kutoka chini mbele, yanagawanyika kifuani na kushuka mabegani, uzi wa kahawia kwa punje na wa dhahabu kwa mabua. Kulikuwa na siku ambazo umeme ulikatika na tukakaa na mikono mapajani, na siku ambazo uzi wa kahawia ulikatika kila baada ya muda mfupi kwa sababu ya baridi, au ndivyo nilivyoamini. Wifi ndiye aliyeshona bitana ndani. Alishona vizuri kuliko nilivyomfundisha.

Siku ya Misa Mpui tulikwenda sote wawili. Kanisa la kigango halikutosha, wakajenga kibanda cha mabua na maturubai nje, na upepo wa uwanda ukawa unayapiga maturubai kama mtu anayekung'uta mkeka. Padri mpya alipotokea na kasula yake, mwanzoni watu walishangilia kama wanavyomshangilia padri yeyote mpya. Kisha akapanda kwenye hatua ya altare akageuka, na akina mama wa mbele wakaona. Nilisikia mmoja akisema, kwa Kifipa, ni ulezi ule, tazameni, ni ulezi! Neno likarudi nyuma kutoka mstari hadi mstari. Vigelegele vikainuka vingine kabisa, na mama yake padri, aliyekaa kiti cha mbele, akafunika uso kwa kanga mpya akatikisika mabega. Yule mwenyekiti mnene alinitafuta kwa macho katikati ya umati. Aliponipata hakutabasamu. Aliinamisha kichwa mara moja tu, kwa heshima, nami nikainamisha changu.

"Wifi," wifi yangu akaninong'oneza, "kidole cha tatu kimekaa vizuri."

Tulikula mpaka tukashindwa kuinuka. Tulirudi mjini jua likiwa bado juu, nyuma ya gari dogo la mizigo, tumejifunika kitenge kimoja.

Jumatatu ndiyo tulipiga windo mpya, safari hii kwenye diski yetu wenyewe. Fundi alikuja na betri kubwa ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, maana alisema kitu kibaya kuliko vyote ni kompyuta kuzimika katikati ya kuhama. Nilicheka, nikasema asubuhi umeme huwa hausumbui. Kazi ikiwa imefika zaidi ya nusu, taa ya darini ilizimika. Mashine za jirani zikanyamaza, redio ya kinyozi ikanyamaza. Betri ikaanza kulia, pii, pii. Tulisimama sote watatu, nami nikajikuta nimeshika rozari mfukoni. Kwenye kioo, kiduara cheupe cha kusubiri kikaendelea kuzunguka kana kwamba hakikusikia chochote. Umeme ulirudi muda si mrefu. Fundi akakaa, akaomba chai.

Mambo yamekuwa shwari tangu hapo. Skana imekwenda zake kweli, siku hizi tunapiga mchoro picha kwa simu na wifi ananyoosha kona. Waya tumeukunja. Kwa kila mchoro lazima mtu ainuke na flashi kutoka kompyuta mpaka kwenye mashine, hatua chache tu, na mume wangu anasema zimenipunguza tumbo. Nilipojaribu kufungua mchoro wa zamani kuliko yote, njiwa mmoja mwenye shingo fupi niliyemchora nikiwa bado sijui ninachofanya, alifunguka bila kusita, mbaya vile vile. Sikumrekebisha.

Mchana wa Jumatatu ile tulidarizi nembo za sweta za shule. Wifi alipakia ya kwanza, nikampisha abonyeze kitufe mwenyewe, na mvua yetu ya mawe ikaanza. Mteja mmoja akachungulia mlangoni akauliza kwa sauti ya juu kama tumefungua. Nikamwambia karibu ndani. Tulifunga ofisi mapema kidogo, tukapita sokoni ambako migebuka wabichi, samaki wa Ziwa Tanganyika, walikuwa wameingia kutoka Kabwe, tukachagua wanono. Wifi akasema leo anapika yeye, na mimi nikae nimenyoosha miguu. Nikakubali.